Kiazi Namba Tisa cha Kabuchai

Nyinyi mnaoingia maabara siku hizi na kupata jibu kabla chai haijapoa, mimi kazi yangu ilikuwa kuvitia viazi ugonjwa. Ulimi haujateleza. Niliajiriwa kuhakikisha viazi vinaugua vizuri, vinaugua kwa usawa, na vingi vinakufa. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliona haya kuwaambia hivyo majirani zetu wa pale karibu na msikiti, Kitale. Akawaambia mimi ni nesi. Kwa miaka miwili sikuweza kwenda dukani kununua sukari bila kuonyeshwa kidonda cha mtu.

Maelezo yenyewe si marefu. Kuna ugonjwa unaoitwa mnyauko, na unaletwa na bakteria anayekaa kwenye udongo. Anaingia kwa mizizi, anaziba njia za maji ndani ya shina, na mmea unalala mchana ukiwa bado wa kijani, kama mtu aliyezirai akiwa amevaa suti. Ukishaingia shambani, hakuna dawa ya kunyunyiza ikauondoa. Tumaini letu lilikuwa kupata kiazi kinachoweza kuishi nao, kisha tukifanye mzazi wa aina mpya. Na huwezi kujua kiazi kinavumilia nini mpaka ukipeleke palipo na taabu. Ndiyo maana tulikuwa tunapanda viazi mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingepanda hata magugu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa, fundi wa maabara katika kituo chetu kidogo nje ya mji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa anayatoa mtu akiwa tayari amekosea. Siku yangu ya tatu alinipa kazi ya glasi. Unakata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, unakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, halafu unatulia. Bakteria wakiwemo, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka polepole kutoka kwenye shina.

Mimi nilipata uzi kwenye kila shina. Mashina ishirini, yote yanaugua. Nikamwita Mzee Barasa kwa furaha, kwa maana nilidhani nimefanya kazi nzuri sana. Akatazama glasi moja moja, akatoa kalamu mfukoni, akanipa.

"Shika hii. Sasa itumbukize."

Nikaitumbukiza. Kalamu ikatoa uzi mweupe.

"Andika," akasema. "Kalamu pia ni mgonjwa."

Nilikuwa nimenawa kwa sabuni ya mche bila kusuuza vizuri, na uzi ule ulikuwa sabuni ya vidole vyangu. Tangu siku hiyo nasuuza mikono mpaka watu wanaulizana kama nina dhambi fulani. Nanyi mfanye hivyo. Na kisu mkipitishe kwenye moto wa spiriti kila mnapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, kwa sababu kosa langu la pili lilikuwa hilo, na mistari miwili mizima ya viazi iliambukizwa na mimi wala si udongo.

Sasa niwaambie habari za Kabuchai, maana ndizo zilizonifanya nikawa mfanyakazi wa kweli.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, simu za mkononi zikiwa bado zinabebwa shingoni kama kitambulisho. Daktari Simiyu, ambaye ndiye alikuwa mzalishaji wetu wa aina mpya, alitaka shamba lenye mnyauko mkali na joto zaidi kidogo kuliko Kitale. Mimi na Mzee Barasa tukatumwa Bungoma kulitafuta. Jaribuni kazi hiyo mwone. Unabisha hodi kwa mtu, unasalimia vizuri, halafu unamuuliza kama ana shamba baya. Hakuna aliyekuwa nalo. Kabuchai nzima, kwa maneno ya wenyewe, ilikuwa haijawahi kupoteza hata jani.

Aliyekuja kukubali ni mama mmoja mjane, Nanjala, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu. Alikuwa na kipande kando ya njia ya kwenda kanisani, katikati ya miwa na mahindi, na nyanya zake zilikuwa zimekufa hapo misimu miwili mfululizo. Nyanya na kiazi ni ndugu, ugonjwa wao ni mmoja. Mzee Barasa alitia shina moja la nyanya kwenye glasi, uzi ukashuka mnene kama wa kushonea gunia. Karibu ambusu yule bibi.

Kukhu alitaka kuelewa.

"Mnataka kupanda hapa viazi?"

"Ndiyo, Kukhu," nikamjibu.

"Na mnajua itakufa?"

"Tunajua."

"Si muende basi mahali haikufi?"

"Tunatafuta visivyokufa, Kukhu. Tutapanda aina tisa. Visivyokufa hapa ndivyo tunavyovitaka."

Akanitazama muda mrefu, akasema, "Haya. Nimesikia." Na kweli alisikia. Mimi ndiye niliyedhani kusikia na kuelewa ni kitu kimoja, nikapanda gari nikaenda zangu.

Tukapanda mistari tisa, kila mstari aina yake. Daktari akaagiza tuweke kibao. Fundi wa rangi akaandika KITUO CHA UCHUNGUZI WA UGONJWA kwa herufi nyekundu. Kufika Jumatatu iliyofuata, tulikuta watu kumi na mmoja wamepanga foleni pembeni ya viazi. Nilieleza, nikaeleza tena. Mzee mmoja aliyeumwa mgongo alikataa kuondoka. "Si mmeandika uchunguzi?" akasema. "Basi nichunguzeni." Mzee Barasa akamwinamisha, akamgonga mgongo kwa vidole viwili, akamwambia aende zahanati na aache kubeba miwa. Yule mzee akaondoka ameridhika sana. Tulipong'oa kile kibao, fundi wa rangi alinuna.

Viazi vikaanza kufa, kama ilivyopangwa. Kila wiki nilikwenda na daftari kuhesabu vilivyolala. Lakini kumbukeni shamba lilikuwa kando ya njia ya kanisani. Kila Jumapili Kabuchai nzima ilipita hapo. Watu wakasimama, wakatikisa vichwa, wakampa Kukhu pole. Mmoja alimletea jivu la kunyunyiza. Mwingine alimwombea pale pale, ameweka mkono juu ya jani. Kukhu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kanisa, mtu aliyefundisha wenzake kilimo, na sasa shamba lake lilikuwa makaburi.

"Hii viazi yenu inanitia aibu bana," aliniambia wiki ya tatu. "Ati watu wanasema Nanjala amesahau kulima."

"Vumilia, Kukhu. Ndiyo kazi."

Nilisema hivyo huku nikihesabu. Sikuinua hata kichwa.

Wiki ya nne mistari yote ilikuwa hoi isipokuwa mmoja. Namba tisa, ule wa mwisho, ule wa kando ya njia. Umesimama wima, majani yanang'aa. Wiki ya tano vivyo hivyo. Daktari Simiyu alipopata habari alitoka Kitale mwenyewe, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake nzuri, akaushika ule mmea shavu kama mtoto. Miaka saba alikuwa akitafuta kitu hicho. Tena tulikuwa tumeshaambiwa kwamba tusipopata aina inayovumilia msimu huo, kazi yote ingefungwa na sisi tungetawanywa. Jioni hiyo hiyo aliandika barua kwa wakubwa Nairobi. Wakajibu kwamba watakuja kuona, na kwamba mbegu ya Namba Tisa ianze kuandaliwa kwa wakulima wa mlimani, wanaoishi kwa viazi.

Kabla hawajaja, nilipima. Wakati huo tulikuwa tumepata vikaratasi vyeupe: unadondosha maji ya mmea, unakiogesha kikaratasi kwa dawa kadhaa, na bakteria wakiwemo kinageuka zambarau. Wakiwa wengi rangi inakolea, wakiwa wachache inafifia. Kina uwezo wa kuwaona hata pale ambapo glasi haioni kitu. Matone ya Namba Tisa yalibaki meupe, hata kivuli cha rangi hakikuwapo. Daktari akaruka.

Mzee Barasa hakuruka. Alikaa na kile kikaratasi dirishani kama mtu anayesoma barua ya kesi.

"Ni safi mno," akasema.

"Si ndiyo tulichokuwa tunatafuta?" nikauliza.

"Zainabu, wewe umeishi Kitale maisha yako yote. Umewahi kumaliza msimu wa mvua bila tope hata kwenye kidole?" Akanyoosha mkono. "Lete daftari."

Akafungua kurasa zangu, akaanza kunisomea kwa sauti ya taratibu.

"Wiki ya tano: mimea imepungua urefu." Akafungua. "Wiki ya sita: mmea wa tatu hauna maua tena." Akafungua. "Wiki ya saba: maua yamekuwa zambarau, awali yalikuwa meupe." Akalifunga. "Hiki ni kiazi au kinyonga?"

Nawaapia, niliyaandika hayo kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko mzuri, tarehe juu. Niliona kiazi kinarudi utotoni, nikaandika, nikapiga mstari, nikaenda kula. Macho yaliona, mkono ukaandika, na kichwa kilikuwa likizo. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, kuliko hata la sabuni.

Tulimweleza Daktari. Akasema ni mambo ya hali ya hewa. Alikuwa mtu mwerevu sana, lakini alikuwa amengoja miaka saba.

Basi siku moja kabla ya wageni nikaenda Kabuchai peke yangu kung'oa mmea mmoja nipime mizizi. Kukhu alinipokea kwa chai. Baada ya chai, ndizi. Baada ya ndizi akaniambia kuku yuko motoni na kwao mgeni hakatai kuku. Kila nikisimama, mama mwingine wa kikundi anaingia na sufuria. Nilikula mpaka jua likashuka, na gari la mwisho la kurudi Kitale likakaribia, na mkono wangu haujagusa udongo. Njiani ndipo nilipojiuliza kwa nini akina mama sita waliacha mashamba yao kunilisha.

Wakubwa wakaja. Kulikuwa na hema, viti vya kanisa, na akina mama wa kikundi wamevaa leso za sare. Mkubwa wao alikuwa bwana mmoja mnene, mcheshi, aliyeazimwa gambuti zilizombana. Baada ya hotuba, Daktari akasema, "Bi. Zainabu atatusomea matokeo ya maabara."

Nikasimama na karatasi yangu. Imeandikwa: Namba Tisa haina ugonjwa. Chini kuna nafasi ya sahihi yangu. Nilimwona Mzee Barasa nyuma ya hema, ananitazama tu. Nikawaza wale wakulima wa mlimani, wanaipanda mbegu hiyo kwa jina langu, halafu inalala yote mchana mmoja.

"Kabla sijasoma," nikasema, "naomba tung'oe mmea mmoja."

"Hapana!" Kukhu akasimama. "Hapana bana, chakula iko tayari. Itapoa."

"Mmoja tu, Kukhu."

"Basi chukua ile ya kule." Akanyoosha kidole kwenye mstari wa tatu, uliokufa zamani.

Yule mkubwa mcheshi akacheka, akasema yeye ni mtoto wa mkulima na atang'oa mwenyewe. Akapanua miguu kwenye gambuti, akashika shina la Namba Tisa kwa mikono miwili, akavuta. Halikuja. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, na kiazi kikatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, umejaa udongo mweusi mzuri.

Mkubwa alisimama amekibeba kama zawadi. Halafu Daktari Simiyu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeota, "Mizizi yake ni ya bati?"

Mzee Barasa akaja, akang'oa wa pili. Mkebe. Wa tatu. Mkebe. Mstari mzima ulikuwa umepandwa kwenye mikebe iliyozikwa mpaka ukingoni na kufunikwa na udongo wa shambani. Mikebe haikuwa na tundu, kwa hiyo bakteria hawakuingia na maji hayakutoka, na mimea ikianza kuoza miguu, akina mama walikuwa wanaleta mingine michanga kutoka nyuma ya jiko la Kukhu. Udongo uliletwa kutoka mlimani. Viazi vilinunuliwa sokoni Chwele.

"Kukhu," nikamwambia, "kwa nini?"

Alishangaa kwamba nauliza.

"Si wewe mwenyewe ulisema mnataka yenye haikufi? Nikaona yenu yote inakufa, na mnakuja kila wiki kutoka mbali, mnahesabu tu, hamlii, hamsemi. Nikaonea nyinyi huruma. Tukawatafutia yenye haikufi."

Halafu akaongeza, polepole, "Na hapo ni njiani. Watu wanaona."

Wakubwa walikula, wakashukuru, wakaondoka. Yule mcheshi alicheka mpaka Webuye, dereva wao aliniambia baadaye, lakini wenzake hawakucheka. Tulipewa msimu mmoja tu, wa mwisho. Daktari hakusema nami kwa wiki mbili. Sikumlaumu. Aliyeniuma zaidi ni Kukhu, aliyekaa mlangoni kwake siku ile amefunika uso kwa leso, baada ya kujua kwamba wema wake ungeweza kuwaangamiza watu.

Nilirudi kwake wiki iliyofuata, safari hii bila daftari. Nikakata shina lililolala, nikamwekea glasi ya maji juu ya kigoda, tukakaa sote wawili. Uzi mweupe ukaanza kushuka. Kukhu akainama mpaka pua ikakaribia kuingia majini.

"Kumbe ndio hao?"

"Ndio hao."

"Na wote walikuwa kwa mguu yake?"

"Wote. Sasa tunatafuta kiazi ambacho hawa wameingia, wamekaa, na bado kimewakatalia."

"Ungeniambia hivi kutoka mwanzo," akasema, "ningebaki na mikebe yangu ya kuwekea sukari." Nikamwomba msamaha, naye akanipa ndizi.

Vijana, fundisheni mwenye shamba kwanza. Kabla ya kamba, kabla ya vibao. Msimu ule nilipata msaidizi ambaye hakuna chuo kingenipa. Daktari alileta aina nyingine nane. Kukhu alisimama kando ya njia kila Jumapili, na kila aliyefungua mdomo alijibiwa, "Iache ikufe. Ndio tunataka." Mwanakikundi mmoja alipoonekana na kitu kizito ndani ya kikapu, Kukhu alimfukuza mpaka kwenye miwa.

Kuelekea wiki ya tisa akanibipu mara nne mfululizo. Nilipompigia alikuwa anapumua kama amekimbia.

"Kuja. Namba nne. Mchana inarara, jioni inaamka. Imekataa."

Tulikwenda. Mistari mingine ilikuwa imekwisha. Mzee Barasa alichimba mwenyewe, kwa vidole, akatoa mmea wenye mizizi ya mizizi, na tope lake. Glasi haikuonyesha kitu. Tukapeleka maji yake Kitale, na kwenye kikaratasi kikatokea kivuli chepesi cha zambarau, hafifu kama doa la zambarau lililofuliwa mara kumi. Nililia juu ya lile doa. Bakteria walikuwamo, na mmea ulikuwa umesimama.

Daktari Simiyu alikuja nasi Kabuchai kutoa habari. Alivaa suti. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, na siku hiyo alikuwa na furaha, jambo lililokifanya kuwa cha vitabu zaidi.

"Kukhu, Namba Nne ina ugonjwa kidogo, lakini inavumilia. Hatutawapa wakulima mbegu yake, maana ingewapelekea bakteria. Tutachukua chavua ya maua yake. Tunataka kuioza."

Kukhu aliruka kwenye kigoda.

"Ati ioze? Miezi tatu nalinda hii kitu, nafukuza mpaka shemeji yangu, halafu ati ioze?"

"La, la! Kuioza. Kuiozesha. Ipate mwenzi!"

"Aaah." Kukhu akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Inaolewa?"

"Naam, kwa namna fulani."

"Na imeumwa, na haikulala ikakufa, na imepata bwana."

"Naam."

Akafunga leso kiunoni vizuri, akatoka uani, akapiga kigelegele ambacho nadhani Chwele walikisikia. Akina mama wakaanza kutokea kwenye mahindi na kwenye miwa, mmoja na jembe, mmoja na unga mikononi, nao hawakuuliza kitu, walijibu tu. Wakauzunguka ule mstari mmoja uliolegea katikati ya shamba lililokufa, wakaanza kuimba. Daktari alisimama katikati yao na suti yake, hajui aweke wapi mikono. Mzee Barasa, ambaye sikuwahi kumwona akicheza, alikuwa anatikisa bega moja.

Kijana wa bodaboda ya baiskeli akasimama njiani, mguu mmoja chini, gunia la vitunguu nyuma.

"Sasa, Kukhu! Nani anaolewa?"

"Kiazi!" Kukhu akamjibu, bila kugeuka.

Yule kijana alifikiri kidogo. Kisha akaegemeza baiskeli kwenye miwa, akaja akaanza kupiga makofi.